Kiyoyozi cha Chumba cha Juu

Kadzo,

Chumba chako kimewekwa kiyoyozi. Nimeanza na hili kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka, na wewe unanijua ninavyozunguka. Fundi alitoboa ukuta, akakifunga, akaondoka hata chai hakunywa. Jambo uliloniomba kila kiangazi, nami kila kiangazi nikakujibu "tutaangalia", lilikwisha kabla ya alasiri.

Nauza nyumba. Mwanangu Nasri anataka nikakae naye Jeddah, kwani moyo wangu umechoka na ngazi za hapa Riyadh, mtaa wa Suwaidi, siziwezi tena. Daktari hakunificha kitu, na mimi si mtoto.

Dalali alisema tungoje vuli. Vuli ya huku unaijua, haina mvua, ni joto tu linavunjika na watu wanaanza kutoka kutazama nyumba. Tumepaka rangi, tumebadilisha taa za sebuleni. Alinifundisha kufukiza udi kabla wageni hawajafika, na kufungua mapazia ya upande wa bustani peke yake. Kisha akapanda juu ya paa, akatia kichwa chumbani kwako, pale kando ya matangi ya maji. Alishuka anafuta jasho na kucheka. "Mama, mnunuzi akiona pale atadhani mlikuwa mnafuga mbuzi."

Nilicheka naye, Kadzo. Mungu ananiona, nilicheka. Siku ya pili yake nikamwita fundi.

Tangazo nimeliandika mwenyewe, maana dalali anasema Kiarabu changu ni cha mwalimu. "Chumba cha mfanyakazi, kina kiyoyozi na hewa safi." Nilisahihisha hata nukta. Kwenye picha, kitanda chako kimetandikwa shuka jipya, na ile misumari uliyokuwa ukitundikia kanga iliyoloweshwa maji dirishani imeng'olewa, matundu yamezibwa. Ukiitazama picha ile huwezi kujua kuwa mtu alilala humo akingojea kanga mbichi imletee upepo.

Joto lilipokushinda ulikuwa ukishuka kulala sakafuni jikoni, na sisi tukawaambia wageni kwamba Kadzo hapendi pengine ila jikoni kwake. Tuliifanya hadithi ya kuchekesha. Na lile neno langu: "Sisi watu wa pwani, Kadzo, joto tumezaliwa nalo." Mimi wa Unguja, wewe wa Kilifi, nikajitia tu sawasawa. Kana kwamba joto la Kilifi na la juu ya paa Riyadh mwezi wa saba ni kitu kimoja. Nililisema nikiwa nimejifunika blanketi, kwa jinsi chumba changu kilivyokuwa baridi. Ulimaliza kukunja nguo, ukapanda zako.

Nakumbuka safari ya Jeddah, tulipomfuata mume wangu kwa ndugu zake. Tulipita soko la Balad, ukapenda mkoba, ukamrushia muuzaji maneno yote ya Kiarabu uliyokuwa nayo: "Mafi fulusi, halas, yalla!" yaani huna pesa, basi, twende. Yule muuzaji alicheka hadi akakupunguzia. Ukaniambia, "Umeona, Mama Nasri? Kiarabu si lazima ukijue, ni kukitupa tu." Nilicheka njia nzima. Tulilala chumba kimoja safari ile, mimi na wewe, na kulipokucha ulisema hujapata usingizi kama ule tangu uje nchi hii. Nilikusikia. Nilijifanya natafuta miwani.

Siku uliyoanguka ulikuwa unaanika nguo. Gari la wagonjwa lilipofika ulikuwa umeshatutoka. Daktari aliandika moyo, nami nikalishika neno hilo kwa mikono miwili. Ukazikwa hapa hapa Riyadh, wanaume wakaenda, mimi nikabaki ndani. Kaburi lako silijui.

Wiki iliyopita walikuja mume na mke, wamefuatana na mfanyakazi wao, binti wa Kisumu anayeitwa Atieno. Nyumba iliwapendeza. Mume alikwishamuuliza dalali lini wataandikiana. Nilijikongoja nao mpaka juu. Yule mama akakitazama kiyoyozi, akasema kwa Kiarabu, "Hiki kipya, tutakihamishia chumba cha watoto. Yeye feni itamtosha." Atieno alikuwa amesimama chini ya kiyoyozi, amefumba macho, anapigwa na baridi. Hakuelewa.

Nikawaonyesha matangi ya maji.

Waliposhuka nilimshika Atieno mkono, nikamweleza habari zako zote kwa Kiswahili, haraka haraka kama mtu anayetua mzigo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Pole, mama. Lakini sasa mimi nifanye nini na hiyo stori? Mwambie madam. Mimi nikimwambia, kesho niko kwa ndege."

Alisema kweli. Nilikuwa nimemtwika yeye aibu yangu, kwa lugha ambayo haingenigharimu chochote.

Nikashuka nimeshikilia ukuta. Sebuleni nikawaambia, kwa hicho Kiarabu changu cha mwalimu, kwamba mwanamke anayeitwa Kadzo aliishi juu pale miaka mingi bila kiyoyozi. Kwamba alikiomba nikamnyima, na alianguka pale pale kwenye kamba za nguo. Kwamba hiki nimekiweka kwa ajili ya macho yao, na nawaomba wakiache kilipo, alale nacho huyu binti.

Yule mama alivuta abaya yake. Mume akauliza, "Alifia hapa nyumbani?" Nikasema ndiyo. Dalali alikuwa anatazama zulia. Hawakurudi tena. Nasri alinipigia simu anafoka, "Mama, una nini lakini? Nyumba ilikuwa imeshauzika!" Na dalali anasema wanunuzi wapo, ila siku watakayokuja, bora mimi nikamtembelee jirani.

Usinione jasiri. Nimesema wakati ambapo wewe huwezi tena kupata faida yake, na yule Atieno sijui kama nimemfaa au nimemponza.

Na bado sijamwambia mwenye haki ya kuambiwa. Ulipofariki nilimpigia binti yako Mishi, nikamwambia, "Mama yako alikuwa ndugu yangu, hakukosa kitu kwangu." Alilia, akanishukuru. Ananishukuru hadi leo. Kila Idi huniletea salamu, na aliposikia naumwa aliwakusanya watu wakanisomea dua. Dua hizo nimezipokea, Kadzo. Nimeitikia amina.

Ijumaa, baada ya sala, nitampigia. Nitamweleza chumba kilivyokuwa na nilivyokujibu. Sitamwachia Nasri kazi hiyo, wala sitaanza kwa kusema daktari aliandika moyo. Akitaka kunitukana nitamsikiliza mpaka amalize. Akikata simu, nitapiga tena mara moja tu, nimwambie kwamba hana deni la shukrani kwangu. Nakuahidi hilo, na namwomba Mungu anifikishe hiyo Ijumaa.

Kwaheri, Kadzo. Ndugu yangu nilikuita mbele ya wageni, kwa hiyo hapa tulipo wawili sitakuita hivyo. Nangoja Mishi aniambie nikuite nani.