Gunia la Kumi

Buyenzi, Bujumbura
Jumatano, baada ya Alasiri

Kwa mdogo wangu Abdu,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta umeketi barazani, si kitandani, na uvimbe wa mguu wako umepungua. Sisi hapa hatujambo. Sumaya ndiye mzima kuliko sote. Tangu posa ipokewe anaimba jikoni mpaka majirani wanagonga ukuta. Mimi nina kikohozi changu kile kile, tumekwisha kuzoeana.

Ujumbe wako nimeupata. Umesema kwamba mguu haukuruhusu kusafiri kutoka Kigoma, na kwamba umenifanya wakili wako wa kumwozesha Sumaya Ijumaa ijayo, kwa kuwa baba yake, mwanao Karimu, hayupo. Ungenipigia simu leo ningeshindwa kukujibu. Ndiyo sababu naandika, na dereva wa basi atakukabidhi barua mkononi. Tafadhali isome yote kabla ya kusema neno.

Unaikumbuka kazi niliyokuwa nayo vita vilipokuwa vinakwisha. Nilikuwa mtunza ghala la chakula cha kikosi, nikipeleka maharage, unga, mawese na chumvi kwenye vituo vya milimani. Miezi ile ya mwisho sikuielewa wakati ule, na hata leo nikijaribu kuipanga kichwani, siku zinachanganyika. Asubuhi redio ilisema vita vimekwisha. Mchana ikaja amri ya kupakia lori la kwenda vitani. Kituo kimoja kilifutwa Jumatatu, kikarudishwa Jumanne, na Jumatano nikaulizwa kwa nini sijakilisha. Kisha watu waliokuwa wakitupiga wakateremka kuja kulishwa kutoka ghala lile lile. Waliketi kwenye benchi langu, na mmoja wao akalalamika kwamba maharage yetu yana mawe. Daftari langu halikuwa na mahali pao. Niliwaandika "wageni".

Katika vurugu hiyo nilishika jambo moja tu lililonyooka. Kila kituo kilirudisha kwanza magunia matupu, ndipo kikapewa yaliyojaa. Magunia yalikuwa yakiuzwa soko la Mutakura, mara nyingine na chakula ndani yake. Kwa hiyo kila gunia nililiandika namba ya kituo kwa rangi nyeusi, kwa mkono wangu. Kituo kisichorudisha hakikupakiliwa kitu.

Kituo cha Karimu kilikuwa na magunia kumi ambayo hayakurudi. Nilijua kwamba Karimu yumo. Walituma habari mara mbili kwamba wana njaa. Nami nikajibu mara mbili, kwa maandishi, kwamba warudishe magunia. Wenzangu ghalani walinisihi nimfikirie mtoto wa ndugu yangu. Niliwaambia kwamba katika daftari hakuna askari aitwaye mtoto wa ndugu yangu. Siku ile nilijiona mtu mnyoofu.

Siku ya nane tangu niwanyime chakula, akaja askari mmoja kwa miguu, na mzigo wa magunia kichwani. Alitaka kusema jambo. Nikamwambia asubiri nihesabu. Yalikuwa tisa. Nikamwuliza la kumi liko wapi. Sikungoja jibu. Nikamwandikia karatasi, nikapakia chakula, naye akapanda lori. Jioni dereva aliporudi ndipo aliponiambia kwamba Karimu ameuawa kwa risasi siku moja kabla, na amezikwa huko huko.

Nilikuandikia kwamba alikufa akiwa ameshiba, na kwamba alivikwa sanda nyeupe. La kwanza nilijua si kweli. La pili sikulijua. Niliandika tu, ili mama yake apate usingizi.

Jumapili iliyopita nilikuwa namkemea fundi wa gereji iliyo mbele ya nyumba yangu, kwa sababu hakurudisha spana mahali pake. Mtu aliyeleta pikipiki yake kutengenezwa akacheka, akasema, "Huyu muzee bado anahesabu!" Alikuwa askari yule aliyeniletea magunia. Jina lake ni Dieudonné, sasa ana mvi. Nilimkaribisha chai, akanisimulia akidhani kwamba ninajua.

Alisema hawakuyauza magunia. Waliyajaza udongo, wakajengea ukuta mbele ya handaki lao, maana kule juu risasi hazikuwa zimesikia redio. Njaa ilipozidi, Karimu aliwaambia wenzake, "Baba mukubwa mi ninamujua. Bila magunia, hata chumvi hatatoa." Wakacheka, wakaubomoa ukuta wao wenyewe, wakayakung'uta magunia yawe safi. Adhuhuri ilipopita risasi zikaja. Za nani, hajui mpaka leo. Karimu alikuwa ameketi pale ukuta ulipokuwa asubuhi. Kitambaa cheupe hakikuwapo mlimani. Walimfunga katika gunia la kumi.

"Mi sikukuja kukugombeza, muzee," aliniambia. "Nilifikiri ulijua."

Abdu, miaka yote hii nimekuwa nikisema kwamba kanuni ile ya magunia ilikuwa amri ya wakubwa. Hakuna mkubwa aliyeniamuru. Niliitunga mwenyewe, na siku yoyote katika zile nane ningeweza kuiacha bila kuulizwa na mtu. Sijui kama risasi zile zingempata ukuta ukiwa umesimama. Nageuza jambo hili usiku na mchana, na kila nikilianza mwanzo linatokea kwingine.

Sumaya hajui lolote. Ananiita babu, na ameniuliza nitavaa kanzu ipi. Sitamshika mkono bwana harusi kwa niaba yako mpaka nipate jibu lako. Ukimteua mtu mwingine, nitakuja msikitini kama watu wengine, nitaketi nyuma, nitasema amina. Ukiniteua mimi tena, uniteue ukiwa umekwisha kuijua barua hii.

Jana Dieudonné alirudi kuniletea kitu alichokihifadhi, nami nimekitia humu. Nisalimie mkeo na wote wa nyumbani, wakubwa kwa wadogo. Mwenyezi Mungu akuponye mguu.

Ni mimi kaka yako,
Shaabani

Ndani: karatasi moja, mwandiko wangu utautambua. "Yamepokelewa magunia tisa. La kumi lirudishwe bila kuchelewa."