Kamba ya Buluu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Shule imefungwa. Nimerudi Shella kwa Dada Kahaso, na leo hii hii amenipa kazi. Nishike kamba. Kocha wake, Laban, anasema nina mikono mizuri ya kushika, ila sina sauti. Kweli sina. Hata darasani mwalimu hunisogelea ndipo asikie jibu langu.

Ukuta wao ni wa mbao, nyuma ya ghala kuukuu, mrefu kupita paa, na umeinama kwa mbele kama mtu anayetaka kutapika. Dada anajifunga ncha moja ya kamba. Kamba inapita kwenye pete ya chuma huko juu kabisa, inashuka hadi kwangu, inaingia kwenye breki iliyofungwa kiunoni mwangu. Akianguka, ninayemzuia ni mimi. Akisema shusha, nashusha.

Kabla ya kuanza tunaipapasa kamba yote kwa vidole. Nje ni ya buluu, ndani nyeupe. "Ukiona nyeupe," Dada kasema, "kamba imekufa. Usingoje amri ya mtu. Piga ukelele, mshushe aliye juu."

Kisha anaita kama marehemu Baba alivyokuwa akiita chini ya minazi, ili wanawake wanaooga nyuma ya makuti wajisitiri: "Mkwezi huyooo!" Nami lazima nijibu, "Na apande!"

"Sauti, Kache! Unamnong'onea nani?"

Leo ameanguka, ameanguka, ameanguka. Ngozi ya kidole cha kati imechanika hadi nyama. Damu imebaki kwenye vishikio vya ukutani. Amebandika plasta, akapaka chaki, akarudi juu huku akiutukana ukuta. Mwisho wa Septemba ni ubingwa wa Afrika. Mwaka jana alikuwa wa nne. Wanaoenda kushindana na dunia ni wawili tu. Hii ndiyo kazi yake sasa, ana mkataba na kampuni ya viatu. Asipopanda Septemba, mkataba umekwisha, atarudi kupiga deki kwenye lile jumba la michezo Nairobi alikojifunzia.

Alhamisi, 7 Agosti

Video imetoka! Ndiyo ile waliyoitaka watu wa kampuni ya viatu – bingwa wa pwani akikwea mnazi kwao. Dada alikataa mwanzoni. Kwetu Kaloleni mwanamke hakwei mnazi. Akiukwea, tembo la mti huo litachacha, na aliyeugema atadhalilika. Walipiga simu tena na tena mpaka akakubali.

Na akachagua mnazi wa Baba. Uleule uliomwangusha. Kaka yetu Dena ndiye anayeugema siku hizi.

Nilimuuliza kwa nini mti huo. Akasema alitaka kujua Baba alikuwa akiona nini kule juu.

"Na umeona nini?"

"Mapaa. Na Mama akitoka jikoni."

Kwenye video yuko peku, anapanda kama anayetembea. Anacheka. Ni nzuri sana. Mama amepiga simu, hakutaja uzuri wala ubaya. Kasema tu, "Dena ameiona."

Jumapili, 10 Agosti

Mama kapiga tena, analia. Tembo la Dena limechacha. Mimi nimesoma mambo ya chachu, najua joto na kibuyu kichafu vinatosha. Lakini nimwambie nani? Wateja wamehamia kwa wagema wengine. Jana, kwenye mangwe yake mwenyewe, pale anapouzia tembo, mzee Kahindi akamtania: "Dena, tuitie dadako aje atugemee. Wewe kaa jikoni umenye vitunguu."

Watu walicheka. Dena akainua kibuyu kilichojaa, akampiga nacho usoni. Kibuyu kikapasuka, akaendelea kwa ngumi. Mzee alikuwa ameshalala chini. Ilibidi Dena avutwe na watu wanne. Meno mawili yaliokotwa kwenye mchanga, na jicho moja hawajui kama litafunguka.

"Mwambie Kahaso asije huku," Mama kasema.

Kahaso haendi huko. Nani wa kumwambia Dena asije huku?

Jumanne, 12 Agosti

Mwandiko mbaya leo.

Amekuja saa nne asubuhi. Kocha alikuwa ametoka kununua boliti. Mimi nilikuwa nimechuchumaa, naosha vishikio kwenye beseni kwa mswaki. Ni vizito vile, kama mawe. Nilisema shikamoo. Hakuitika.

Dada akasema, "Dena, karibu, kaa tuzungumze." Dena akamzaba kofi. Dada si mtu wa kupigwa akatulia – alimrudishia, ngumi ya pua, damu ikamtoka Dena ikaingia ndevuni. Nikadhani yamekwisha. Akamkamata nywele, akamwangusha, akamkalia mgongoni. Akaunyoosha mkono wake wa kulia kwenye saruji.

"Vidole hivi ndivyo vilivyoniharibia mti?"

Halafu akanigeukia mimi. Akanyoosha mkono bila kuharakisha, akakitoa kishikio mikononi mwangu. Kilikuwa bado kina povu.

Akapiga. Akapiga. Akapiga. Sikujua mfupa una sauti ndogo hivyo. Sauti kubwa ilikuwa ya Dada.

Mimi nilifungua mdomo. Ng'ambo ya ukuta kuna mafundi seremala watano. Hakuna aliyenisikia kwa kuwa hakuna kilichotoka.

Alipoondoka alikirudisha kishikio kwenye beseni. "Osha, profesa."

Jumatano, 13 Agosti

Vidole vitatu. Kimoja kimevunjika sehemu mbili. Daktari kasema miezi mitatu, minne. Kocha Laban alitoka nje ya hospitali akaupiga teke mlango wa gari lake mpaka ukabonyea.

Tulitaka kwenda polisi. Mama kwenye simu: "Wanangu, ni damu yenu. Mtamfunga ndugu yenu kwa ajili ya mchezo?"

Dada alikata simu. Lakini polisi hatukwenda.

Ijumaa, 15 Agosti

Amepanda kwa mkono mmoja! Kocha alimkataza, Dada akamwambia basi aondoke yeye. Alinifunga yeye mwenyewe kwenye breki, kwa mkono wa kushoto na meno. Alifika nusu. Alipoanguka, ule mkono wa bendeji ukagonga ubao. Nilimshusha akiwa amezirai nusu.

Alipopata nguvu alinipiga kofi. Mimi! Hajawahi, tangu nizaliwe.

"Siku ile ulikuwa hatua tatu! Ungepiga kelele tu, Kache. Kelele tu!"

Halafu akanikumbatia, tukalia, akaniomba radhi. Shavu linauma mpaka sasa. Sijalikanda. Naliacha liume.

Usiku niliota nimeshika kile kishikio, lakini kichwa kilichokuwa kwenye saruji kilikuwa cha Dena. Niliamka nikiwa na furaha. Naliandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kuliandika.

Jumanne, 19 Agosti

Naandika nikiwa hapa hapa ukutani. Naandika haraka.

Dada na Kocha wamekwenda Mombasa kwa daktari wa mifupa. Nilikuja kufagia chaki. Mafundi wa ng'ambo hawapo leo, kuna msiba mtaani. Dena kaingia, ananuka tembo, na shingoni amening'iniza fingo – kifurushi cha kitambaa cheusi. Anataka kulitundika kwenye pete ya juu, mwanamke asikanyage tena huu ukuta.

Alijaribu kupanda bila kamba. Kwenye mnazi mtu hukumbatia. Huu ukuta hauna mgongo wa kukumbatia. Alianguka kutoka urefu wa mlango, akajikwaruza kiwiko, akaona nimemwona. Akanipiga teke la ubavuni. Nikiinama kuandika ndipo linapochoma.

"Nifunge hiyo kamba yenu. Leo utanishika mimi."

Nilimvika mikanda ya Dada ya kiuno na mapaja, nikamfunga. Nalisema wazi kwamba nililikaza fundo vizuri, nikalikagua, nikalikagua tena. Nilimwomba aiache kotama chini. Akacheka. Mgema haachi kisu chake chini, hata hapa pasipo na cha kugema. Akaita, kwa mazoea tu, sauti ya Baba tupu: "Mkwezi huyooo!" Na mimi, kwa mazoea, nikajibu.

Alipita nusu. Ana nguvu, siwezi kukataa. Pale ukuta unapoinama zaidi miguu ikamponyoka, akaning'inia hewani, mbali na mbao, akizunguka. Nilimshika.

"Nishushe!"

Tumefundishwa kwamba mikono ikichoka, unaifunga kamba kwenye nguzo, mafundo mawili, na aliye juu anabaki alipo, salama. Nimeifunga. Mikono haikuwa imechoka.

Nimekaa. Nimetoa daftari.

Alianza kwa matusi. Akasema akishuka atanivunja vidole vyote kumi. Kisha akayakanda mapaja muda mrefu, halafu: "Kache, mdogo wangu. Mapaja yamekufa ganzi." Kwa upole. Nilikuwa nainuka. Kweli nilikuwa nainuka. Ndipo akaongeza, "Wewe si kama yule malaya," nikakaa tena.

Sasa anajibembeza. Mbele, nyuma. Anaitaka nguzo ya pembeni ya ukuta, ya mviringo, nene kama mnazi. Ameikumbatia kwa mkono mmoja! Lakini kamba nimeifunga fupi, inamvuta kurudi katikati. Nguzo anaijua. Nguzo ni mti, na mti yeye hushuka tangu utoto. Kamba haijui. Hajawahi kushikwa na kitu chochote ila miguu yake mwenyewe, na hiyo haisikii tena. Anaiona kamba kuwa ndiyo inayomzuia.

Ametoa kotama.

Nimemwambia: Kaka, usikate, hiyo ndiyo inayokushika. Nimesema. Kwa hii sauti yangu.

"Nini? Sema, profesa!"

Nimesema tena. Sijui kama nilisema kwa sauti zaidi ya mara ile ya kwanza. Mafundo mawili, naweza kuyafungua kwa muda wa kuvuta pumzi. Kalamu bado iko mkononi.

Uzi mdogo wa buluu umedondoka kwenye ukurasa huu.

Naona nyeupe.