Jina Nililompa Mdogo Wangu

Garsen, Jumatano, masika ya 1956

Mvua haijapumzika tangu alfajiri na mto umepanda mpaka kwenye migomba ya chini. Kivuko hakijavusha mtu. Watoto wako kwa shangazi yao, nyumba kimya, nami sina raha hata kidogo.

Namtaka mdogo wangu, Komora.

Asubuhi amepita karani wa soko, mrefu, mwembamba, amevaa koti la mvua la kijani. Nikasema kwa sauti, "Ukuti huyo," nikacheka, kisha nikakumbuka kwamba niko peke yangu. Komora angekuwa chini anagaagaa kwa kicheko. Huo ndio mchezo wetu tangu utotoni, tulipokuwa tukiamia ndege kwenye mpunga: kila apitaye tunampa nyoka wake. Mjomba, ambaye akishiba hasogei mpaka jua litue, alikuwa Chatu. Mwalimu aliyetutemea mate akifundisha alikuwa Swila. Mimi nilikuwa Kifutu, kwa kuwa hunyamaza njiani mpaka nikanyagwe. Komora peke yake hakuwa na jina. Tulitafuta sana, tukakosa linalomfaa.

Halafu mimi nikalipata.

Ni mwaka wa tatu sasa. Ng'ombe walitoka kwenye malka, ile njia yao ya kwendea maji, wakaingia shambani mwangu, na mahindi yalikuwa ndiyo kwanza yanabeba. Wazee wakaketi, Wapokomo huku, Waorma kule, Komora katikati, maana hakuna aliyezijua lugha zote mbili kama yeye. Na kila mtu hapa anaijua desturi ya mkalimani. Mwenye maneno akisema "mimi", mkalimani naye husema "mimi". Hapunguzi, haongezi.

Mchungaji akasema yake. Komora akageuka, akanitazama, akasema kwa Kipokomo: "Mimi sikuona mahindi pale. Niliona nyasi tu, na mwenye shamba alikuwa amelala."

Nilijua si maneno yake. Naapa nilijua. Lakini yalitoka kinywani mwake, kwa sauti ile ile aliyonililia nayo siku mama alipokufa, na mimi niliyeambiwa nimelala nilikuwa naamka kabla ya jogoo kuyapalilia mahindi yale. Hasira zikanipanda. Nikasimama mbele ya wazee wote nikamwambia, "Ndumakuwili wewe. Kichwa huku, kichwa kule."

Watu wakacheka, pande zote mbili. Hilo halikuhitaji mkalimani.

Komora akawageukia wazee. Aliifanya kazi yake mpaka neno la mwisho, nikapewa mbuzi wa fidia, tukatawanyika. Wiki ile ile wavushaji wakaanza kumwita Nduma, kisha wanawake mtoni, kisha watoto. Wazee nao wakatafuta mkalimani mwingine, kwani mtu mwenye vichwa viwili nani atamwamini? Mwezi haukuisha, akafuatana na wachuuzi wa ng'ombe kwenda Bangale. Hakuniaga. Nilimwona akipita na mkeka wake begani, nami nikajifanya napepeta mchele. Mchele wenyewe ulikuwa safi.

Sijawahi kumwambia mtu habari ya ule mchele.

Miaka yote hii nimejituliza kwamba huko Bangale amekuwa Komora tena, hakuna anayelijua lile neno. Jana, kabla ya mvua, akaja mlangoni mchungaji mmoja wa Kiorma, Barisa, anauza samli. Katika kuzungumza akasema ametoka Bangale. Nikamuuliza kama anamjua Komora, Mpokomo.

"Komora mimi sijui, mama," akasema. "Iko Mpokomo mmoja pale dukani, anasemea watu Kisomali, Kiorma, yote. Lakini yeye jina lake Nduma."

Nikamuuliza nani alimpa jina hilo huko.

"Yeye mwenyewe. Siku alikuja tuliuliza jina, akasema hiyo. Akasema ni dada yake alimpa."

Nilinunua samli yote aliyokuwa nayo, sijui ya kazi gani. Usiku kucha sikupata usingizi.

Barisa amekwama hapa kijijini; atarudi kwao maji yakishuka. Nilifikiri kumtuma salamu, nikaona haya. Neno nililolitamka mbele ya watu nitalifutaje kwa kumnong'oneza muuza samli? Mchana nimemfuata alikofikia, nimemwomba nifuatane naye. Ameniangalia miguu, akasema ni safari ya siku nyingi, nami nimesema nitatembea.

Nitasimama mbele ya duka hilo, waliopo wawepo, nimwite Komora. Sijui nitaita mara ngapi kabla hajageuka.