Kilo Mia za Wakala

Dongobesh,
Jumapili

Dada Anjela,

Shikamoo. Kabla hujasoma zaidi, nakuomba haya yote yabaki kwako. Usimsomee hata Mama; mwambie tu mdogo wako anakula na analala. Kikohozi cha Mama kimepungua? Na goti la Baba linaendeleaje na baridi ya huko Makete?

Mwili wangu ni mzima, ila nimeishi na woga wiki nzima na sina wa kumwambia. Hapa ghalani wakulima huuza viazi kwa gunia, na wakala wa mnunuzi hutaka kila gunia lishindiliwe mpaka liote kilele. Wakulima wanasema wanapunjwa. Wakala anasema kilele ni hewa tu, wastani wa gunia ni kilo mia. Nikaambiwa nipime. Magunia ni mengi, mzani ni mmoja. Nikayapa namba kwa chaki, nikaandika namba zilezile kwenye vijiwe, nikavitikisa ndooni na kuchota bila kuangalia, kisha nikapima magunia ya namba zilizotoka tu.

Mzee mmoja mkulima akacheka. "Karani, kumbe hata ninyi wa shule mnapiga ramli?"

"Hapana, Babu. Vijiwe vinanizuia nisichague ninayoyataka mwenyewe."

"Afadhali wewe. Huna ndugu hapa wa kumpendelea."

Wenzake wakaitikia. Walikuwa wananisifu, Dada, lakini nilirudi chumbani nikashindwa kula.

Kama wakala anasema kweli, magunia yaliyotoka yangecheza kandokando ya mia, mengine chini kidogo, mengine juu. Haya karibu yote yako juu, tena mbali. Nimekokotoa na kurudia kama ulivyonifundisha: bahati peke yake ingeleta jambo hili kwa nadra sana. Nadra, lakini inaweza. Hapo ndipo ninapoogopa, maana nikikosea nimemchafua mtu bure, na hapa hakuna wa kunikagulia hesabu.

Msimamizi wangu alisoma jibu, akasukuma mlango ukafungika. "Rudia, kijana. Safari hii chukua yale ya mlangoni."

Ya mlangoni ni madogo, na anajua.

"Hivi mkataba wako unaisha lini vile?"

Sijarudia kupima. Kesho nasimama mbele ya wakulima. Nitasema kilo mia siyo kweli, na nitasema pia kwamba naweza kuwa nimekosea, ingawa kwa nafasi ndogo.

Msalimie Mama, Baba, Bibi anayetutunzia kuku, na shemeji fundi baiskeli.

Usinipigie simu, nimepanga chumba kwa msimamizi na ukuta kati yetu ni wa mbao. Andika barua, umpe dereva wa kwetu anayekuja Arusha, naye ampe kondakta wa basi la Haydom, aishushe hapa stendi kwa mama muuza chai. Jina langu lisionekane juu. Ukisikia nimeondolewa kazini, endelea kutuma kwake. Yeye atajua nimeelekea wapi, kwa sababu ndiye pekee nitakayemuaga.

Mdogo wako,
Festo