Muadhini Mwenye Tundu Tumboni

Mjimwema, Songea
9 Oktoba 1991

Baba mpendwa,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Mimi, mkweo Alfani na watoto tu wazima. Kinachotukosesha raha ni tumbo lako tu. Mama naye mfikishie shikamoo yake.

Daktari aliyekunyoosha utumbo mwezi wa nane ameniita, maana anajua mimi muuguzi wa wodi ya pili ni binti yako. Anasema utumbo umeshajisokota mara mbili, na ukijisokota tena huenda asiwahi. Anataka urudi kabla mvua haijakata barabara ya Tunduru, akate kipande kilicholegea.

Nakueleza yote. Hatauunga utumbo siku hiyohiyo. Ncha ya utumbo ataitoa nje, kushoto, chini kidogo ya kitovu. Choo kitapita hapo na kuingia kwenye mfuko unaobandikwa kwenye ngozi. Siku za mwanzo utatoka upepo tu, halafu uharo, halafu choo cha kueleweka. Kinyama kitakachotokeza kitakuwa chekundu kama ndani ya mdomo, na ukikigusa hakiumi. Baada ya miezi kama sita, ukiwa na nguvu, wanakirudisha ndani na kukuunga.

Naomba upande gari wiki hii.

Binti yako,
Somoe


Nakapanya
27 Oktoba 1991

Mwanangu Somoe,

Waaleikum salaam. Marahaba, mama. Mama yako ni mzima ila goti. Mimi nakula na kulala.

Barua yako nimeisoma mara nne. Sasa nikuulize. Mimi ni muadhini wa msikiti huu mwaka wa kumi na tisa. Mtu ambaye choo kinamtoka bila ruhusa yake, udhu wake uko wapi? Nimemdokezea Mzee Ausi, ambaye hunisaidia kuadhini nikiumwa. Akageuza mazungumzo, akaniuliza bei ya korosho.

Tena ni msimu wa korosho. Mwaka huu wameruhusu wanunuzi binafsi, wanakuja na magari yao hadi shambani. Siwezi kuondoka. Mshukuru daktari. Mwambie tumbo limetulia.

Baba yako,
Daimu


Mjimwema, Songea
26 Januari 1992

Baba,

Shikamoo. Sijui hata kama umefika, kwa hiyo salamu nyingine zitangoja.

Juzi tuliamka tukakuta mkeka wako umekunjwa. Alfani alikimbia hadi stendi, akaambiwa mzee mwenye kanzu ya kijivu amepanda lori la Tunduru. Kwa nini, baba? Mwezi wa kumi na mbili uliletwa na gari la mnunuzi wa korosho, tumbo limevimba, hujitambui. Wakakupasua saa ileile, nami nikalia koridoni mbele ya wanafunzi wangu wa uuguzi. Ulikaa wodini wiki tatu, ukakaa kwangu wiki nne, na bado hujaweza kujihudumia sawasawa. Umeondoka bila mifuko wala ile dawa nyeupe ya ngozi.

Basi, mama akate vitambaa safi, avikunje mara nne, uvifunge kwa mkanda wa nguo. Osha kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni kali, kausha taratibu. Damu kidogo ukipangusa isikutishe. Ila kile kinyama kikigeuka cheusi, au kisipotoa kitu siku nzima na tumbo likauma, ubebwe hata kwa machela. Usinyanyue gunia wala ndoo. Na ukihisi haja kwa njia ya zamani, ukakaa ukatoa ute, ni kawaida. Utumbo wa chini umepumzishwa, haujafa.

Niambie kilichokuondoa.

Somoe wako


Nakapanya
20 Februari 1992

Mwanangu,

Waaleikum salaam. Nilifika. Mama yako anavifua vitambaa na hanung'uniki.

Ule ute ulinitoa jasho. Nilidhani nimeoza ndani. Barua yako ilipofika ndipo nikalala.

Umeniuliza. Alhamisi ile, wewe ukiwa kazini, nilikuwa nakula na mumeo. Mfuko ukavuja kidogo. Alfani akaacha tonge, akatoka nje, hakurudi hadi sinia lilipoondolewa. Angekuwa mtu baki nisingejali. Huyu ni mkwe wangu, mama.

Sasa nalala ghalani, penye korosho. Msikitini siendi. Ausi ndiye anayeadhini, tena anaburuza maneno. Nikimsikia nasimama, nakaa, nazunguka nyumba. Mama yako anasema nitachimba mtaro kwa miguu. Ramadhani inakuja na sijui nitakuwa mtu gani ndani yake.

Baba yako,
Daimu


Mjimwema, Songea
30 Machi 1992

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imekaa njiani mwezi mzima kwa sababu ya mvua.

Nilimsomea Alfani. Sikutaka kumtetea, naye hakujitetea. Alisema ni kweli, harufu ilimshinda. Kisha akaenda mwenyewe mtaa wa Mfaranyaki kumwuliza sheikh habari ya udhu. Sheikh amesema mwenye udhuru usiokoma hutawadha wakati wa sala ukishaingia, hubadili kitambaa, husali hata kikimtoka kitu. Na kuadhini hakujawahi kumhitaji mtu asiye na jeraha. Kama umefunga, siku hizi zilizobaki acha, utalipa ukipona. Mwili wako unataka maji mengi.

Alfani ameomba ruhusa kazini na barua hii anaileta yeye, pamoja na mifuko. Nilimwambia barabara imekatika. Akasema atatembea palipokatika.

Binti yako,
Somoe


Nakapanya
12 Aprili 1992

Mwanangu Somoe,

Waaleikum salaam. Marahaba. Barua hii inatutangulia kwa lori la leo.

Mumeo alifika siku moja kabla ya Idi, tope hadi magotini. Tulisalimiana, akanikabidhi barua na mifuko. Asubuhi ya Idi nilitawadha kama sheikh alivyosema, nikasimama mwisho wa safu, karibu na mlango. Hakuna aliyesogea.

Tuliporudi, wageni wamejaa barazani, ule mfuko mpya ukabanduka. Kanzu ikalowa mbele ya watu. Nikaenda nyuma ya nyumba, Alfani akanifuata na ndoo. Nikamwambia arudi, mkwe haoni mwili wa mkwewe. Akamimina maji. Kisha akashindwa, akaenda kwenye mihogo. Nikamsikia akitapika. Nikajua ndiyo basi, anaondoka tena.

Akarudi. Akaniosha, akabandika mfuko mwingine, upande upande. Ndipo akasema, "Baba, tumbo langu ndilo dhaifu. Siku ile nilitoka kwa sababu hiyo, halafu nikaona haya kurudi."

Nikamwambia hata mimi niliona haya, ndiyo maana nikapanda lori.

Jana adhana ya alasiri niliitoa mimi. Mshono ulinivuta nikasita mara moja. Ausi anasema nimesikika hadi barabarani.

Ijumaa baada ya sala tunaanza safari na Alfani, daktari anitazame kama nimefikia kuungwa. Sijatulia, mama. Kisu cha pili nakiogopa kuliko cha kwanza, maana cha kwanza sikukiona. Lakini nakuja, na nitafikia kwenu.

Usimwulize mumeo habari za kutapika. Nimekuambia wewe kwa kuwa ni muuguzi.

Baba yako,
Daimu