Sifuri Kwenye Fomu ya Basi la Umeme

Jumatatu, 8 Januari 2024

Baridi ya kukata masikio. Basi limewaka kimya kama kawaida yake — tangu Agosti sijazoea, kila siku nadhani limekufa. Nimejaza tangi la hita kabla ya kutoka. Galoni tano za dizeli za wiki iliyopita zimeisha zote! Hita hiyo ya dizeli ndiyo inayowapasha watoto joto wakati huu wa baridi. Tukitumia betri kupasha joto, njia ya kupanda mlima wa Piney inatushinda.

Ubavuni wamechora jani la kijani na maneno HALITOI MOSHI, herufi kubwa kuliko kichwa changu. Chini ya jani kuna kibomba cha hita, kinene kama kidole gumba, kinafuka. Nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Kisha fomu ya ukaguzi. Breki, taa, matairi, mlango wa dharura. Mafuta yaliyotiwa: 0. Ndivyo tulivyoambiwa ofisini Novemba: basi ni la umeme, hita si injini, weka sifuri. Nimeweka. Nimetia sahihi.

Jumanne, 9 Januari

Garland ananichokoza. Mume wangu huyu, miaka thelathini na moja chini ya ardhi kwenye mgodi wa makaa, sasa mrija wa oksijeni puani, lakini mdomo mzima! Ati basi langu linakula makaa kuliko yeye alivyowahi kula, ila bomba lake ni refu tu, mwisho wake uko kwenye mtambo wa umeme wa makaa ng'ambo ya mto. "Denver Mullins wa bodi ya shule, mtetezi wa makaa, angekuwa na akili angelibusu hilo basi! Linatutafutia soko la makaa!" Kacheka mpaka akakohoa.

Hasemi uongo, ndicho kinachoniudhi. Na betri nayo, nani ajuaye imechimbwa wapi na imemkohoza nani.

Jumatano, 10 Januari

Brylee, mjukuu wangu, amekaa kiti cha nyuma yangu akiimba njia nzima. Ana miaka saba na pumu. Mwaka jana, kwenye foleni ya mabasi ya dizeli pale shuleni, inhela ilikuwa haimtoki mkononi. Tangu Agosti hajaitumia ndani ya basi hata mara moja. Hata moja! Hilo halimo kwenye fomu yoyote.

Ijumaa, 12 Januari

Sasa mambo yameanza. Denver Mullins, yule mjumbe wa bodi ya shule asiyetaka kusikia neno umeme, ameomba fomu zote za basi langu. Alhamisi bodi inapiga kura: kuchukua mabasi mengine sita ya umeme kwa msaada wa serikali, au kukataa na hili langu nalo lirudishwe.

Bwana Pruett, mkurugenzi wetu wa shule, kaniita ofisini. Kanivutia kiti mwenyewe — hapo nikajua kuna jambo.

"Dada Rhonda, ukiulizwa, jibu ulichoulizwa. Usianze hadithi."

"Na wakiuliza dizeli?"

"Hawatauliza. Fomu zinasema sifuri, si ndiyo? Na sahihi ni yako."

Kasema kwa upole kabisa.

Jumatatu, 15 Januari

Sikukuu, shule zimefungwa. Nimetandaza nakala za fomu mezani. Sifuri, sifuri, sifuri, zote kwa mwandiko wangu mzuri wa mwalimu wa shule ya Jumapili.

Nikamwambia Garland kila kitu. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akasema mgodini walikuwa wanavalishwa kipima vumbi, na wao wanakificha ndani ya kopo la chakula, kipime hewa ya mkate. Msimamizi alitaka hivyo. Mgodi usifungwe, watoto wale. "Nami nilitia sahihi, Rhonda. Vumbi ni dogo, mimi Garland Stiltner nathibitisha." Kisha akavuta pumzi, nisikie.

Miaka thelathini na nne ya ndoa, hakuwahi kuniambia. Nimelia bafuni, bomba la maji likiwa wazi.

Jumatano, 17 Januari

Nimefanya ujinga. Nilisema kama sifuri ni uongo, basi niifanye iwe kweli! Nikazima hita ya dizeli, nikawasha joto la betri. Kupanda Piney nikaona asilimia ya betri inashuka huku naitazama — arobaini, ishirini na mbili, kumi na moja. Nikapunguza joto. Watoto wakaanza kupuliza viganja. "Bi Rhonda, unatugandisha!" Brylee midomo imekuwa ya buluu. Tumefika shuleni na asilimia nne. Nne! Watoto ishirini na sita juu ya mlima kwenye barafu, kwa sababu ya heshima yangu mimi. Sirudii.

Alhamisi, 18 Januari. Asubuhi

Mafuta yaliyotiwa: galoni 5. Nimeandika.

Alhamisi, saa kumi na moja kasoro, ndani ya basi

Nimeambiwa nisubiri humu uwanjani na basi, bodi wakitaka kuliona. Brylee yuko nami, mama yake bado yuko kazini. Anachora vidole kwenye ukungu wa kioo. Hita inawaka. Kwa baridi hii moshi wa kibomba unaonekana kutoka barabarani!

Ujumbe kwenye simu. Pruett: Mullins ameiona fomu ya leo. Anasema twende tukalione. ZIMA HITA.

Nikisema kweli, Denver atashinda, na Brylee atarudi kwenye foleni ya dizeli na inhela yake. Wala Denver hatajali kwamba basi langu linafuka kwa kibomba cha kidole, na yale ya dizeli kwa bomba nene kama ngumi. Nikizima, hamna moshi, sifuri zote zinakuwa kweli, na mimi nimekuwa Garland.

Wanatoka mlangoni. Sita, saba. Pruett yuko mbele, anacheka kwa sauti kubwa mno. Mkono mmoja mfukoni.

Ujumbe wa Pruett tena: Mfikirie mjukuu wako.

Shetani mkubwa wee! Kama kuna kitu kingine nimefikiria wiki nzima!

"Bibi, mbona unatetemeka? Si kuna joto?"

Denver amezunguka ubavuni. Ameinama pale chini ya jani. Anapunga kiganja kwenye moshi, ananusa. Pruett ananitazama kupitia kioo, anazungusha kidole — zima, zima.

Swichi iko karibu na goti langu. Sijaigusa. Denver anagonga mlango. Nimemwambia Brylee avute skafu mpaka puani, kwa sababu nafungua mlango, hita bado inawaka —