Sufuria ya Hadija

Mjukuu wangu Rukia,

Huku Wenje hatujambo. Mto umeshuka na mamako amepanda mahindi. Umeuliza kama hao wanaokudai mkopo wa simu wana ruhusa ya kuwapigia wenzako wa kazini. Hawana, sheria inawakataza. Zihifadhi jumbe zao, ukawashtaki.

Aibu hiyo naijua, maana nimewahi kumtia mwenzangu. Ujanani, chama chetu cha kukopeshana kilimdai jirani yangu Hadija. Tuliingia kwake wanawake sita, nikaepua sufuria yake maharagwe yakichemka, wanawe wakitazama. Alilipa, nikairudisha, akaipokea kwa adabu. Tangu hapo hakupita tena mlangoni kwangu.

Mwezi uliopita alifariki, nyumba tatu kutoka kwangu. Habari niliisikia kwa kipaza sauti cha msikiti, kama mpita njia.

Nyanyako,
Mwanajuma